Nusu Yangu ya Bakuli

Sheria ya ufukweni ni moja, nasi wawili ndio tulioitunga: kitu ni cha aliyekikanyaga kwanza. Si cha aliyekiona, kwa sababu shemeji yangu huona hata visivyokuwepo. Si cha aliyepiga kelele, kwa sababu angeshinda kila siku. Aliyeweka kisigino juu ya kitu ndiye mwenyewe, na mwenzake hana budi kugeuka na kutazama bahari mpaka mwenye kisigino amalize kuinama. Hilo la kutazama bahari si adabu tu. Katika umri wetu kuinama ni shughuli yenye sauti zake, na mtu anastahili faragha.

Mimi ni mchora mabango mstaafu. Ukiona neno KINYOZI limenyooka mjini kwetu, ni langu. Ukiliona limepinda kama linakimbia deni, ni la kijana aliyerithi ngazi yangu. Nilipokuwa mtu mzima, mwenye watoto wa kubebwa, nilijiandikisha shule ya usiku, nikasoma historia, nikapata cheti. Cheti hicho kinaning'inia sebuleni juu ya televisheni, ili anayekuja kutazama mpira ajue yuko nyumba ya nani.

Shemeji yangu ni fundi bomba mstaafu, mdogo wake mke wangu. Tunamwita Koki, kwa sababu ukishamfungua hafungiki, na hata akifungwa anaendelea kudondoka. Yeye huniita Profesa wa Usiku.

"Kwa nini usiku?" aliwahi kuulizwa na jirani.

"Kwa sababu mchana elimu yake haionekani."

Eneo letu ni kati ya ukuta wa ghala la zamani la forodha na bomba kubwa la maji ya mvua. Upande wa ukuta ni wangu, upande wa bomba ni wake, kwa kuwa hakuna mtu mwingine anayelipenda bomba lile. Siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi kisha ikarudi nyuma kupita kiasi, matope ya chini hubaki wazi kama chumba ambacho mwenyewe ametoka bila kufunga mlango. Hapo ndipo tunapopita, tumekunja suruali, mikono nyuma. Tumeokota vigae vya vyungu, vifungo vya makoti ya watu waliokwisha kuoza, misumari ya shaba, mirija ya viko, na safari moja seti ya meno ya bandia ambayo Koki aliijaribu kabla sijaweza kumzuia.

Vitu vya maana tunavipeleka makumbusho. Makumbusho yenyewe ni vyumba viwili ndani ya ghala hilo la forodha, feni moja, na mhifadhi mmoja, binti mwenye shahada ambaye namheshimu ingawa shahada yake ameipata mchana, watu wote wakiwa macho. Printa yake iliuawa na unyevu, kwa hiyo aliniomba nimchoree vibao. Kila kibao kina jina la kitu, umri wake kwa makadirio, na chini yake: *Kimeokotwa na*, kisha jina. La Koki nimelichora mara nyingi, kwa herufi zile zile ninazojichorea mimi, sikumpunja hata nukta. Kama ndoana yake ya shaba imewekwa nyuma ya mlango, mlango ulikuwepo kabla yangu.

Sasa bakuli.

Baada ya mvua kubwa, bamvua la kwanza, nilikanyaga kigae kizito cheupe chenye kung'aa, na juu yake kichwa cha samaki wa rangi ya buluu. Jicho, mdomo, pezi moja. Samaki mwenyewe alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa subiri foleni. Sijawahi kupata kitu kizuri kama kile, na nilikaa juu ya jiwe nikakifuta kwa leso mpaka Koki akachoka kutazama bahari.

"Shemeji, umezaa au?"

"Nyamaza. Hiki ni cha kale."

"Hata wewe ni cha kale, na hakuna anayekufuta."

Siku ya pili yake, upande wa bomba, naye akakanyaga chake. Tulikuwa mezani kwa mhifadhi alipokitoa mfukoni, kimefungwa ndani ya soksi. Kilikuwa cheupe vile vile, na juu yake tumbo la samaki. Akakisogeza karibu na changu kwa ajili ya kulinganisha tu, na vile viwili vikashikana kama mume na mke waliogombana asubuhi na njaa ikawapatanisha mchana. Hata ufa haukuonekana.

Mhifadhi aliweka kalamu chini. "Wazee wangu," akasema, "hili linaingia kabatini."

Sisi sote tulijua ni kabati gani. Makumbusho yana kabati moja tu la kioo, katikati ya chumba cha kwanza, lenye taa yake. Kwa wakati ule lilikuwa linahifadhi kikombe chake cha chai. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi upya, mwisho wa mwezi kingefunguliwa rasmi na shule zote za mji zingealikwa, na kila mtoto angepita mbele ya kabati hilo asome kilichoandikwa.

"Andika majina yetu sote wawili," Koki akasema, mkarimu kwa kuwa alidhani inawezekana.

"Haiwezekani, baba. Kitu kimoja, jina moja. Ndivyo makao makuu wanavyotaka."

"Basi la mwenye kipande kikubwa," nikasema.

Tukavipeleka kwa muuza vitunguu wa mlangoni, mwenye mizani. Aliweka changu upande mmoja, cha Koki upande mwingine, akaachia. Mkono wa mizani ukatikisika, ukatulia katikati kabisa kama hakimu aliyelala. Muuza vitunguu akatuuliza kama tunanunua kitu au tumekuja kumharibia asubuhi.

Mhifadhi, ambaye tayari alikuwa na dalili za kutuchoka, akatoa uamuzi. Bakuli lilipungukiwa na kipande cha tatu: mkia wa samaki pamoja na kitako. Atakayeleta kipande hicho kabla ya ufunguzi, jina litakuwa lake. Kisipopatikana, ataandika *Wakazi wa mji*.

"Wakazi wa mji!" Koki alisema tulipokuwa nje. "Yaani hata yule muuza vitunguu?"

Acha nieleze kwa nini jambo hili lilininyima raha, maana mtu anaweza kusema wazee wawili wameshindwa kuzeeka. Maisha yangu yote nimechora majina ya watu. Nimechora majina ya wachinjaji, ya mawakili, ya madaktari wa meno, majina marefu yaliyonipindisha shingo juu ya ngazi na mengine mafupi ambayo mwenyewe alitaka yajaze ukuta mzima. Jina langu halijawahi kuwa juu ya kitu ambacho watu walisimama kukitazama. Kwenye cheti liko, sawa, lakini cheti wanakitazama wapenzi wa mpira. Nilitaka mtoto wa shule asimame mbele ya kioo, asome jina langu kwa sauti, na akosee kulitamka.

Koki yeye hakuhitaji sababu. Ilimtosha kwamba mimi nalitaka.

Tukaanza utafiti, kila mtu kwa njia yake. Mimi nilikwenda maktaba, ambako mkutubi huniruhusu kushika ramani ya zamani kwa kuwa nilimchorea mlango. Ramani inaonesha kwamba pale lilipo bomba palikuwa na nyumba kubwa yenye ua, ambayo bahari iliila kidogo kidogo. Nikaandika kurasa kadhaa. Hoja yangu ilikuwa kwamba bakuli lilitoka katika nyumba ya mfanyabiashara tajiri, na huenda mgeni wa heshima sana, hata mfalme, aliwahi kunawa ndani yake. Nilimsomea mke wangu wakati anachambua mchele.

"Mfalme gani?" akauliza.

"Sijasema mfalme gani. Nimesema huenda."

"Mh. Sogea, unaniziba mwanga."

Nadharia ya Koki ilikuwa fupi. "Shemeji, hicho ni choo."

"Choo?"

"Choo cha chini ya kitanda. Tazama mviringo wake. Mimi nimefunga vyoo vya mji mzima, nikiona kiti cha mtu nakijua. Mfalme wako alikaa hapo, sikatai. Lakini hakuwa ananawa."

"Choo kina samaki?"

"Ili asijihisi mpweke."

Ukoo wao ndivyo ulivyo. Shemeji ni mtani wako, huwezi kumpiga, na dada yake yuko chumba cha pili anasikiliza.

Bamvua la mwisho kabla ya ufunguzi liliangukia siku ya mapumziko. Tulifika asubuhi, kila mtu kwa wakati wake, ingawa wote tuliwahi kwa namna isiyo ya kawaida na wote tukajifanya tumeshtuka kumwona mwenzake. Maji yalikupwa mpaka yakaacha matope ambayo sijawahi kuyaona. Tukatembea. Hatukutaniana. Koki asipokutania, ujue anaomba dua ya ubaya.

Tulikuwa karibu na mpaka wetu, mimi huku na yeye kule, tulipokiona wote kwa pamoja: kitu cha buluu kimechomoza matopeni mbele yetu, kati kwa kati.

Sitasema tulikimbia. Kukimbia ni kuinua miguu yote miwili, na sina hakika kama tulifika huko. Lakini tulikwenda kwa nguvu. Niliona kwa pembe ya jicho tumbo la Koki likimtangulia kama tarishi, nikamsikia akipumua kama pampu mbovu, nami nikanyoosha mguu wa kulia kabla ya wakati wake. Nikakanyaga bonge la lami, ile lami ya mafuta inayotupwa na meli. Mguu ukaenda upande, mimi nikaenda upande mwingine. Koki alitaka kucheka na kukimbia kwa wakati mmoja, akashindwa yote mawili, akaketi matopeni kwa kishindo.

Kitu chenyewe kilikuwa mfuniko wa ndoo ya plastiki.

Tulikaa pale muda mrefu tukiutazama.

"Uchukue," nikamwambia. "Umefika karibu zaidi."

"Hapana, shemeji, wewe ndiye uliyeumia. Mpelekee mfalme."

Alinisindikiza nyumbani, nimeegemea bega lake, kifundo cha mguu kimevimba na kisigino kimevaa lami kama kiatu. Mke wangu alikuwa mlangoni. Aliutazama mguu wangu, akautazama upande wa nyuma wa suruali ya ndugu yake.

"Mmepigana?"

"Hapana, dada. Tumefanya utafiti."

"Wewe nenda kabadilishe nguo. Na wewe, bafuni. Hukanyagi sakafu yangu na uchafu huo."

Bafu letu ni dogo, na ndani yake mna ndoo, kopo, kigoda, dirisha la ukubwa wa kiganja, na hapo dirishani jiwe la mke wangu la kusugulia visigino. Jiwe hilo limekuwa pale tangu watoto wetu wakiwa wa kubebwa. Ni duara nene la rangi isiyojulikana, rangi ya sabuni ya miaka mingi. Nimeoga nikilitazama karibu maisha yangu yote ya ndoa bila kulitazama hata mara moja. Nalo halikuwa jambo langu; lilikuwa jambo la visigino vya mtu mwingine.

Alinikalisha kwenye kigoda, akapaka lami mafuta ya taa, akachukua jiwe, akaanza kusugua. Mke wangu husugua kama anafuta deni. Lami ikatoka, na ngozi yangu nayo ikatoka, na kwa mara ya kwanza jiwe lilikutana na mafuta ya taa badala ya sabuni. Uchafu wake wa miaka ukaanza kuyeyuka. Nikaona weupe. Akaligeuza. Nikaona mstari wa buluu, halafu mwingine, halafu ile mistari miwili ikaachana, ikafunguka kama mkasi.

Ulikuwa mkia.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakumaliza. Ukitafutacho ki bafuni mwako.

"Mbona umetulia?" mke wangu akauliza. "Nimekuumiza?"

"La. Endelea. Polepole tu. Hasa hilo jiwe, lishike polepole."

Mtu mwenye cheti hapaswi kukurupuka. Ningefanya haraka, ningeshtukiwa, na mke wangu akishtuka, Koki angejua kabla jua halijatua, kwa maana wale wawili hawafichani kitu isipokuwa kuzeeka. Mpango wangu ulikuwa wa kistaarabu: nimpe jiwe jipya, zuri zaidi, kisha lile kuukuu liondoke kimya kimya, bila kishindo, kama mgeni mwenye adabu. Nikamtuma mtoto wa jirani dukani. Akaleta jiwe la kisasa, jepesi, lenye matundu, limefungwa utepe wa waridi. Nikachechemea nalo mpaka jikoni.

"Hiki nini?"

"Zawadi."

Alizima jiko. Mke wangu hazimi jiko kwa jambo dogo.

"Ya nini?"

"Visigino vyako. Nimeona vinastahili."

"Siku ya ndoa yetu hujawahi kuikumbuka hata nikikuwekea mezani. Leo umekumbuka visigino?" Alilipima jiwe mkononi. "Umefanya nini, Baba Watoto? Sema sasa hivi, bado nina subira."

Kabla sijajibu, Koki akaingia, amebadilisha nguo, eti amekuja kuniangalia mguu. Hakuuangalia. Fundi bomba hawezi kukaa nyumba ya mtu bila kukagua bafu, ni ugonjwa. Alipita moja kwa moja. Tukasikia akifungua bomba, akifunga bomba. Halafu kimya. Kimya kirefu, cha aina ambayo Koki hajawahi kuitoa tangu azaliwe.

Alipotoka, sauti yake ilikuwa imepakwa asali.

"Dada yangu mpenzi."

Mke wangu akaketi.

"Nimeona bafu lako limechoka," Koki akaendelea. "Nitakutengenezea lote. Bure. Bomba jipya, vigae vipya ukutani. Hata vile vitu vikuukuu vya dirishani nitakuondolea. Yale makopo. Na lile jijiwe."

"Lile jijiwe," mke wangu akarudia.

"Limekwisha, dada. Litakupa fangasi."

Aliinuka, akaenda bafuni, akarudi nalo. Alilikausha kwa upande wa kanga yake, akaliweka mapajani, akamtazama ndugu yake, akanitazama mimi, akautazama utepe wa waridi. Mkia wa samaki ulikuwa unamcheka kila mtu.

"Ndilo hili," akasema. "Ndilo lililowagalagaza matopeni."

"Mke wangu, ngoja nieleze kwa kirefu. Kihistoria..."

"Kihistoria nyamaza."

"Dada, mimi ni damu yako."

"Na wewe nyamaza. Wanasema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Mimi si nyasi, na ninyi si fahali. Ninyi ni wazee wawili mnaotaka kuiba jiwe la bafuni."

Nilijitahidi. Nilimwambia kwamba nyumba hii ni ya wote wawili, kwa hiyo kilicho bafuni ni cha familia, na familia ina kichwa. Koki akasema kama ni familia, basi yeye aliingia katika familia hiyo mapema kuliko mimi. Nikamkumbusha kwamba ufukwe una sheria yake. Koki akasema ndiyo, sheria ipo, na tuulizane: nani alikikanyaga?

"Sheria gani?" mke wangu akauliza.

Tukamweleza, tukidakizana. Kitu ni cha aliyekikanyaga kwanza. Si aliyekiona, si aliyepiga kelele.

Akavua ndara ya kushoto. Akainua mguu, akaukalisha juu ya meza ya jikoni ninapopanga vigae vyangu, katikati ya vifungo na mirija ya viko, kisigino juu. Pale kwenye kisigino palikuwa na kovu jeupe, refu, lililopinda kama herufi ambayo mwanafunzi ameiandika kwa mkono wa kushoto.

"Ulikuwa shule yako ya usiku," akaniambia. "Kila jioni unaondoka na mkoba, umejipaka mafuta, unakwenda kusoma mambo ya watu wa zamani. Watoto namwachia mama yako, mimi naenda ufukweni kutembea, maana nyumbani kulikuwa na joto na mama yako. Siku moja nikakanyaga hiki. Kilinikata mpaka nikarudi nachechemea kama unavyochechemea wewe leo. Nikasema haya, umekunywa damu yangu, utanilipa kwa kazi. Nikaja nacho."

"Hukuniambia," nikasema.

"Ulirudi ukanieleza habari za vita vya watu fulani mpaka nikasinzia."

Koki alikuwa anatazama dirishani, kuelekea upande wa bahari. Nikatambua anachofanya. Nami nikageuka nikatazama huko huko. Hakukuwa na bahari, kulikuwa na ukuta wa jirani, lakini sheria ni sheria.

Mke wangu alikipeleka makumbusho mwenyewe, ndani ya mkoba wake, sisi tukimfuata nyuma. Mhifadhi alivaa glavu. Kipande kikaingia mahali pake bila kusukumwa. Samaki akapata mkia, bakuli likapata kitako, likasimama lenyewe. Mizani haikuhitajika. Kitako kilikuwa kizito kuliko changu na cha Koki kwa pamoja, na muuza vitunguu akaokoka.

Mhifadhi alikiinua kwenye mwanga. Alipitisha kidole mahali palipolika. "Hapa pamesuguliwa sana, kwa miaka mingi. Inaonekana watu wa kale walikuwa wakisagia kitu."

Nilifungua mdomo. Mke wangu akawahi.

"Ni visigino vyangu, mwanangu."

Binti alimtazama, akatazama glavu zake, akajikaza kisomi. "Nitaandika *matumizi mbalimbali*," akasema.

"Na mwanzoni kabisa lilikuwa la nini?" nikauliza. "Nina maandishi hapa, kuna uwezekano wa mfalme."

"Bakuli la chakula tu, baba. Haya yalitengenezwa kwa wingi, ya bei ya chini. Wapagazi wa bandarini, mabaharia, watu kama hao. Mtu alikula uji wake humu, likamponyoka."

"Kwa hiyo si choo?" Koki akauliza, na huzuni yake ilikuwa ya kweli.

"Si choo."

Nilikunja kurasa zangu. Sikuzitupa, nyuma ni safi, zitafaa.

Jioni ile nilitandaza gazeti mezani, nikafungua rangi nyeusi, nikachagua brashi yangu ya manyoya, ile ambayo huwa siitumii kwa wateja. Mke wangu aliketi upande wa pili akimenya chungwa. Koki alikuwepo, kwa sababu yupo daima.

"Niandike nani?" nikauliza. "Mama nani? Tutumie la mtoto wa kwanza?"

"La mtoto la nini? Mtoto ndiye aliyekatwa?"

"Basi mke wa..."

"Jaribu uone."

Nikainua brashi nikasubiri.

"Andika jina langu," akasema. "Lile nililopewa nilipozaliwa. Halafu la baba yangu. Halafu la babu."

Koki akaruka kitini. "La baba yangu! La babu yangu! Profesa, umesikia? Ukoo wetu uko kabatini! Andika kwa herufi kubwa, shemeji, usitubanie!"

Nikaelewa wakati huo huo kwamba nimeshindwa mara mbili kwa kipande kimoja, na kwamba mkono wangu mwenyewe ndio utakaotia sahihi. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilichovya brashi.

Nilikuwa nimechora majina yote ya mji ule, ya watu niliowapenda na ya watu ambao ngazi yangu ilikuwa na maoni juu yao. Lake sikuwahi. Liko katika cheti chetu cha ndoa, liliandikwa na karani, tena vibaya. Herufi ya kwanza ilinichukua muda kuliko kibao kizima cha daktari wa meno. Koki alianza kusema kitu, dada yake akamtupia ganda la chungwa, akanyamaza.

Nilipomaliza mke wangu alikichukua kibao, akakishika mbali, kama watu wanavyosoma wakishaacha miwani chumbani. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Herufi ya tatu imeinama," akasema.

"Haijainama."

"Imeinama kidogo. Iache."

Siku ya ufunguzi watoto wa shule walipita mbele ya kioo mmoja mmoja, wakasoma jina kwa sauti, wakakosea kulitamka. Mke wangu alisimama pembeni akiwasahihisha, kila mmoja, bila kuchoka. Mimi nilisimama nyuma ya mlango, karibu na ndoana ya Koki. Ni mahali pazuri, nakubali sasa, ila giza.

Lile jiwe la utepe alilijaribu. Likamomonyoka siku hiyo hiyo. Alinirudishia utepe.

"Visigino vyangu vimezoea vitu vya kale," akasema. "Bamvua linaanza lini?"

Sasa tunakwenda watatu. Yeye hutangulia, kanga ameifunga kiunoni, ndara mkononi, hana upande wa ukuta wala upande wa bomba. Mguu wake ukisimama ghafla juu ya matope, Koki humaliza sentensi yake, jambo la ajabu, na sisi wawili tunageuka bila kuambiwa, tukatazama bahari.